Tindara, Neno la Chungu

Mtungi ulivunjika kabla aliyeuvunja hajajua amekanyaga nini. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, gati la Rio limefurika. Meli ya moshi kutoka ng'ambo ya ghuba ilikuwa imetema watu wake, wachuuzi wa samaki wanatukanana kwa mapenzi, kasuku wanapiga mayowe vizimbani, na katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja mwenye kofia ndefu nyeusi na kizibao cha kijivu alikuwa anatembea huku anasoma karatasi.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

Rufina aliishangaa sauti yake mwenyewe. Hakuwa mtu wa kujibizana na wageni. Siku zote alikaa kimya nyuma ya vyungu vyake, na gauni lake la pamba lililofuliwa mpaka maua yake yakabaki kama vivuli, akingoja mnunuzi aseme kwanza.

"Nisamehe, dada. Nilikuwa nimezama kwenye maandishi."

"Umezama nchi kavu, mtungi wangu ndio umekufa maji."

Kijana akacheka hadi kofia ikamdondoka. Akachutama, akaanza kuokota vigae kwa mikono yenye glavu nyeupe, na glavu zikawa nyekundu kwa vumbi la udongo.

"Unatoka wapi, dada?"

"São Brás. Ng'ambo."

"Kile kijiji cha wenyeji? Wewe ni mwenyeji wa asili kabisa?"

"Kwani nafanana na Mreno?"

Alimtazama kama mtu aliyepata kitu alichokitafuta siku nyingi. Rufina alidhani kinachotafutwa ni uso wake. Hakukosea sana. Ila hakujua ni nusu tu.

Jina lake Honorato. Mchana alikuwa karani wa kunakili katika ofisi ya ardhi, ameajiriwa kwa sababu ya mwandiko mzuri kama tarizi. Jioni aliandika hadithi iliyotoka gazetini kila Jumamosi: msichana wa msituni, wa mwisho wa watu wake, ampenda nahodha wa Kireno aliyekuja kuwateka.

Basi ikawa kila Jumamosi meli ikifika, Honorato yupo. Ananunua kahawa na keki ya muhogo, anakaa juu ya kreti tupu kando ya vyungu, anamsomea.

"Huyo msichana wako anavaa nini?" Rufina akauliza siku moja.

"Manyoya ya kasuku."

"Tu?"

"Na shanga."

"Mbu wa huko msituni wamefunga Kwaresima?"

"Rufina, mpenzi wangu, unaniulia hadithi!"

"Mimi nakuulizia afya ya mwenzangu. Mpe japo shali."

Siku ile ndipo alipomwomba jina. "Bado sijamtaja jina hata mara moja, namwita 'msichana' tu. Nipe neno moja la lugha ya mababu zako. Moja tu, kipenzi."

Rufina akauvuta mtungi mapajani. Hakuwa nalo. Serikali ilikuwa imeipiga marufuku lugha ile zamani. Bibi yake Rufina, Bibi Bernarda, alizaliwa na mama aliyechapwa kwa kuisema, na mama huyo hakumfundisha mwanawe ili mwanawe asichapwe. Bibi alibaki na Kireno na rozari, na Rufina akarithi hivyo hivyo. Lakini angemwambiaje mwanamume aliyemtazama kama kasha lililojaa dhahabu kwamba kasha ni tupu? Vidole vyake, kwa mazoea tu, vikagonga mtungi uliokuwa mapajani. Wafinyanzi ndivyo wanavyopima. Mzima huimba tiiin. Uliopasuka husema dara. Na kuna ule wenye ufa usioonekana, unaoanza vizuri na kuishia vibaya.

"Tindara," akasema.

"Tindara!" Honorato alifumba macho. "Maana yake?"

"Mwezi mchanga."

Akavishika vidole vile vyenye udongo, akavibusu mbele ya wauza samaki wote, nao wakapiga miluzi. Rufina akasema moyoni: Jumamosi ijayo nitamwambia ni utani, tucheke. Jumamosi iliyofuata jina lilikuwa limeshapigwa chapa.

Tindara likaenea mjini kama harufu ya kahawa. Palikuwa na utepe wa Tindara, marashi ya Tindara. Honorato akaanza kusalimiwa barabarani. Akavuka ghuba, akala samaki na unga wa muhogo barazani kwa Bibi Bernarda, akamposa Rufina kwa heshima zote.

"Mkono wake laini kama wa padri," Bibi akasema alipoondoka, "lakini anakula kama mtu. Mchukue."

Harusi ikapangwa baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Rufina akafinyanga mtungi wa nyumba yao, mwembamba shingoni, akauchoma peke yake ili usiguswe na vingine.

Wiki mbili kabla ya sikukuu, mkaguzi wa ardhi alifika São Brás. Bwana Lacerda alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso ya kujifutia shingo. Akakusanya watu uani mwa kanisa.

"Ndugu zangu, sina ugomvi na mtu. Ardhi hii Mfalme wa kale aliwapa wenyeji. Kama wenyeji wapo, ni yao. Kama hawapo tena, inarudi serikalini iuzwe. Nimekuja kuangalia tu kama wapo."

"Sisi ndio hawa," akasema Bibi Bernarda. "Au unatafuta wengine?"

Watu wakacheka. Bwana Lacerda naye akacheka. Kisha akatoa gazeti.

"Bibi, mimi si mtaalamu. Lakini siku hizi hata mke wangu anajua maneno ya wenyeji. Hebu nisaidie. Tindara ni nini?"

Rufina akasogea mbele kati ya watu.

Bibi Bernarda alikunja uso. "Tin… nini?"

"Tindara."

"Baba, nina miaka zaidi ya sabini. Neno hilo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe."

Akauliza wa pili, wa tatu. Mzee mmoja akabahatisha kwamba ni aina ya samaki. Kila jibu Bwana Lacerda aliliandika polepole, kama daktari anayeandika maradhi ya mgonjwa anayempenda.

"Ni neno langu!" Rufina akapaza sauti. Watu wote wakamgeukia. "Nililitunga mimi. Si la lugha yoyote."

Bwana Lacerda alimtazama kwa huruma. "Binti, umevaa gauni, unasema Kireno, unajua habari za gazetini. Hata wewe mwenyewe unaona." Akafunga daftari.

Kesho yake Rufina alivuka ghuba bila vyungu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ofisi ya ardhi. Honorato alikuwa amekaa dirishani, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto, ananakili. Rufina hakujua kusoma, lakini mwandiko ule aliujua. Aliuona kwenye vijibarua vya mapenzi alivyokuwa akisomewa na padri, vikimtia aibu.

"Unaandika nini?"

Karani akafunika karatasi kwa kiganja. Hapo hapo Rufina akajua.

"Nisomee."

"Rufina, mpenzi, mimi ni mkono tu. Napewa, nanakili."

"Nimesema nisomee, Honorato."

Akasoma kwa sauti ndogo: "Katika kijiji cha São Brás hakuna tena wenyeji. Wamechanganyika na watu wengine, wakapotea."

Saa ya ukutani ikagonga. Karani mwenzake akajifanya anachonga kalamu.

"Mimi nimepotea?" Rufina akauliza. "Jumamosi ulininunulia keki. Ulikuwa unamlisha nani?"

"Nilidhani mtapewa ardhi nyingine…"

"Nenda kamwambie mkaguzi kwamba Tindara si neno, mimi hakuniamini. Mwambie ni mlio wa mtungi wenye ufa. Nilikutania, nilitaka unipende. Nenda sasa hivi."

Uso wa Honorato ulibadilika rangi. Mlio wa mtungi! Mji mzima ulikuwa unalia na mlio wa mtungi, na mchapishaji alikuwa ameshaahidi kitabu. "Nipe siku mbili nifikiri," akasema.

"Sisi tulifikiriwa asubuhi moja tu."

Akatoka. Siku mbili hazikutosha, wala tatu. Haki lazima isemwe: siku ya nne Honorato alikwenda. Aliingia kwa Bwana Lacerda akiwa amevua kofia, akaungama yote, jasho likimtoka.

Bwana Lacerda alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika bega. "Kijana, wewe ni mwungwana. Kwa hiyo unaniambia kwamba hata hilo neno moja hawakuwa nalo?"

"Hapana, bwana, nasema kwamba…"

"Umenirahisishia kazi. Kaa. Ongeza mstari mmoja: Lugha yao hawaijui kabisa, hata jina ilibidi walibuni."

Honorato alikaa. Kalamu ilikuwa mkononi. Akaongeza.

Aliyasimulia hayo mwenyewe, kandokando ya shimo la udongo la São Brás, alipomfuata Rufina Jumapili. Pembeni ya shimo vigingi vipya vilikuwa vimeshapigwa, na kamba nyeupe. Rufina alikuwa amechutama na mtungi wa harusi. Hakunyanyua macho.

"Ukauandika mstari?"

"Niliuandika." Akavua kofia. "Nichape, Rufina. Niite mbwa. Ila usinyamaze."

"Nikikuita mbwa utaandika kwamba wenyeji wanatukana."

Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nyeupe. Akatoa pete. "Nitaacha kazi. Tindara namwokoa, wiki ijayo alikuwa afe, sasa nitamwacha aishi. Tukaishi sote mjini, wewe, mimi, na Bibi. Nakupenda. Hilo si hadithi."

Rufina alimwamini. Hapo ndipo palipouma. Akaugonga mtungi kwa kidole. Tiiin, ukaimba, mwembamba na safi, mpaka ukaisha wenyewe.

"Umesikia? Ni mzima. Nilikuwa naomba uwe na ufa, nipate sababu."

"Basi nikuoe. Padri anangoja tu."

"Padri ataniandikaje kitabuni?"

"Ataandika jina lako."

"Na baada ya jina? Mke wa karani wa Kireno. Watoto wangu ataandika nini?" Honorato aliinamia pete. "Wamechanganyika na watu wengine, wakapotea. Nikiolewa nawe, mwandiko wako utakuwa umesema kweli. Bibi anapeleka malalamiko kwa Mfalme. Majina ya waliobaki ni kumi na saba. Langu ni la kumi na saba."

"Mfalme hatajibu, mpenzi. Barua hizo ninazijua. Ndizo tunazofungia faili."

"Najua hatajibu." Akamwekea mtungi mikononi, kama anavyowekewa mtu mtoto mchanga. "Hata hivyo sitakuwa mimi niliyemsaidia kutufuta."

Honorato alipopanda meli akiukumbatia mtungi, alikuwa analia waziwazi, abiria wakidhani amefiwa. Rufina hakwenda gatini. Alibaki shimoni anachimba, kwa kuwa udongo ulikuwa bado wao mpaka Jumatatu.

Mfalme hakujibu. Mvua zilipoanza, São Brás ilikuwa shamba la mtu. Bibi Bernarda akafia chumba cha kupanga, na padri akaandika kwamba aliyekufa ni mfua nguo. Tindara naye alikufa gazetini, wa mwisho wa watu wake, mikononi mwa nahodha. Wanawake wa mjini walilia hata leso zikaadimika. Wengine walisema mwandishi mwenyewe hakuandika tena baada ya hapo.

Wazee husema mfinyanzi hulia gaeni. Rufina hata gae hakubaki nalo. Mwaka uliofuata alikuwa pale pale gatini, ameketi kimya nyuma ya ndizi za watu wengine. Jumamosi moja, bibi mmoja aliyevaa hariri ya rangi ya zabibu alisimama mbele yake na mtoto mchanga begani. Mtoto alikuwa analia.

"Nyamaza, Tindara, nyamaza, mwanangu," akambembeleza.

Rufina aligeuza kichwa kama aliyeitwa. Yule bibi akaona, akatabasamu.

"Jina zuri, eti? Ni la wenyeji wa kale, masikini, wameisha wote. Maana yake mwezi mchanga. Ulikuwa unalijua?"

Kidole cha Rufina kilikuwa kinagonga kreti tupu. Mbao hazina mlio.

"Hapana, bibi," akasema. "Neno hilo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe."