Kicheko cha Kujifunza

Hivi nyie mnaosoma hapa, mmewahi kumkuta mtu akifanya mazoezi ya kucheka?

Mimi nilimkuta mjukuu wangu. Alikuwa mbele ya kioo kirefu cha chumba changu cha kushonea, anacheka, ananyamaza, anafunika mdomo kwa ncha za vidole, anaanza upya.

"Mke mwenzangu, nani kakuchekesha asubuhi yote hii?"

"Hakuna, Bibi. Leo anakuja na mama yake."

Aliyekuwa anakuja ni mchumba wake, fundi miwani, kijana mpole mwenye vidole vyembamba. Enzi hizo macho yangu bado yalipitisha uzi kwenye sindano kwa miwani tu, bila kuomba msaada, na nyumba nzima ilinukia mafuta ya cherehani na kitambaa kilichotoka kupigwa pasi. Harufu ile naitamani mpaka leo.

Wakaja. Mama mtu akanywa chai, macho yakimfuata kaka wa mjukuu wangu, kijana aliyekuwa anapiga pasi pembeni. Huyo tulimwita Kifungo. Tangu mdogo alikaa sakafuni akipanga vifungo vyangu kwa rangi, na ukivichanganya alilia hadi sauti inamkauka. Mapema tu daktari alituambia ana usonji.

"Mkwe, niseme ukweli," mama mtu akaanza. "Kijana wako simchukii. Lakini haya mambo yako kwenye damu. Wajukuu zangu je?"

"Mama, jamani!"

"Niache niulize. Unataka nikaulize kwa jirani?"

Hapo ndipo mjukuu wangu alipocheka. Kicheko kile kile cha kwenye kioo, na vidole mdomoni! Hofu ilimbana, akatoa kilichokuwa karibu.

Mama mtu akaweka kikombe chini.

"Unanicheka mimi?"

Hakungoja jibu. Akajitanda mtandio, akatoka, na mwanawe akamkimbilia nyuma.

Wiki iliyofuata fundi alituomba twende kwa daktari, tusikie habari za damu kutoka kwa anayezijua. Tulikwenda watatu. Daktari alikuwa mama mmoja asiye na haraka.

"Ni kweli usonji kwa sehemu kubwa hurithiwa," alisema. "Lakini vinasaba vinavyohusika ni vingi, vya upande wa baba na wa mama. Wavulana ndio wanaogundulika zaidi. Tunadhani mwili wa msichana unaweza kubeba mzigo mkubwa zaidi wa vinasaba hivyo kabla dalili hazijatokeza. Bado tunachunguza."

"Kwa hiyo msichana anaweza kuubeba asionekane?" fundi akauliza.

"Anaweza. Na wengine dalili wanazo, ila wanazificha." Akamgeukia mjukuu wangu. "Wewe utotoni ulicheza nini?"

"Vifungo. Na kaka."

"Alikaa ubavuni kwake," nikadakia, "akipanga vyake kwa ukubwa. Yeye halii wala nini. Kila mgeni alimsifu adabu."

"Vikichanganywa hukutaka kulia?"

"Nilitaka."

"Mbona hukulia?"

"Nilimwona kaka anavyotazamwa."

Daktari akampangia siku nyingine, na nyingine tena, za maswali na vipimo. Mwishowe akamwambia: na yeye ana usonji, tangu kuzaliwa.

Jioni hiyo fundi alipokea ujumbe kwenye simu:

"Kile kicheko unachokipenda si changu. Nilikiiga kwa dada mmoja wa dukani. Mama yako aliuliza vizuri, ila alimtazama mtu mmoja tu. Tuachane."

Akapiga, simu imezimwa. Akanipigia mimi.

"Shikamoo Bibi. Yuko wapi?"

"Marahaba, mume wangu. Kajifungia stoo na majora ya vitambaa. Chai kaikataa, na mimi kanikataa."

Alifika na koti la kazini. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa stoo.

"Sikukipenda kicheko," akasema.

"Ulisema unakipenda," sauti ikajibu ndani.

"Niliona unakihangaikia, nikakisifu. Mimi nilikupenda siku uliyokuja dukani kuchukua miwani ya Bibi. Bila hata salamu, mbele ya bosi wangu, ukasema, 'Fremu imepinda.'"

"Ilikuwa imepinda."

"Ilikuwa imepinda kweli! Nani mwingine angeniambia?"

Nikaziba mdomo kwa kanga nisiangue kicheko.

"Na watoto?" mjukuu wangu akauliza.

"Daktari hakuahidi kitu, na mimi siahidi."

"Na mama yako?"

"Nimemweleza yote. Amelia. Pengine atazoea, pengine hatazoea. Mwoaji ni mimi."

"Tukipata msichana watu watasema ana adabu, basi."

"Sisi tutamuuliza."

Niliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani, nisikose neno.

"Mama yangu amesema lake," fundi akaendelea, taratibu. "Daktari amesema lake, Bibi naye hajanyamaza tangu nimjue. Wewe unataka nini?"

Komeo likalia. Mjukuu wangu akasimama mlangoni, nywele zimejaa nyuzi, hacheki, hafuniki mdomo.

"Nataka unioe," akasema. "Na nataka chumba kimoja kiwe changu, chenye mlango. Nikijifungia humo usigonge, na usidhani nimekukasirikia. Nitatoka mwenyewe nije ulipo."