Betri ya Tatu

Kila Ijumaa alasiri, Mwanamkasi humsaidia baba yake, Fundi Masoud, katika karakana ya milango nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Nguvumali. Ijumaa hiyo baba alimkabidhi drili isiyo na waya, betri tatu zilizojaa chaji na karatasi yenye mistari.

"Kesho nakwenda Moa kufunga milango ya Bi Mwamvua," alisema. "Mjane yule analala na watoto nyuma ya jamvi lililotundikwa mlangoni, na umeme hana. Nitachukua betri moja. Mbili zitakwenda Muheza, baba yako mdogo ana kazi nazo. Pima kasi ya kila moja, hewani kwanza, kisha kwenye ubao wa mninga. Nataka nyepesi, lakini iwe na nguvu."

Mwanamkasi alifunga kijiti kwenye drili, akaiacha ikizungushie uzi kwa sekunde kumi, kisha akaupima uzi ule. Betri zote tatu zilivuta mita sita na nusu. Akaingia kwenye ubao. Ya kwanza ilitoboa kwa sekunde nane. Ya pili, nane vilevile. Ilibaki ya tatu, ndogo na kongwe kuliko zote.

Hatibu, binamu yake, alichungulia dirishani. "Karani wa betri, mpira unaanza. Au unangoja zitage?"

"Bado moja."

"Si zote zimelingana?"

Mwanamkasi aliitazama karatasi. Kama hewani zimelingana, kwenye ubao zitatofautiana kwa nini? Akaandika "8", akafunika drili, akatoka mbio.

Asubuhi baba alisoma karatasi amesimama, begi begani. Akaipima ile ndogo kwa kiganja.

"Nyepesi, na kasi ni ileile. Kazi safi, mwanangu."

Mwanamkasi alifungua kinywa, lakini sifa ile ilimziba. Alipopata neno la kusema, baba alikuwa amekwishapanda pikipiki. Alipiga simu, haikupatikana. Akapiga tena, mara tano, mara sita. Betri nyingine zilikuwa njiani kwenda Muheza. Hakuwa na kitu cha kutuma wala mtu wa kumtuma. Alikaa kizingitini, simu mapajani, akijua kosa lilipo na asiweze kuligusa.

Saa sita baba alipiga mwenyewe.

"Betri imetoboa matundu manne, ikajivuta, ikasimama. Kwenye ubao uliipima lini?"

Mwanamkasi alisikia watoto wakicheka upande wa pili wa simu. Watoto wa Bi Mwamvua, bila shaka.

"Sikuipima, baba. Niliandika tu."

"Haya," alisema baba, akakata.

Alirudi baada ya isha. Alikuwa ameazima keekee ya upinde, ile ya kutobolea bila umeme, kwa fundi mashua wa pale Moa, akatoboa kwa mkono mpaka milango yote miwili ikakaa. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

"Shikamoo, baba. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe. Kesho tutaipima."

Kesho yake waliichaji, wakaipima pamoja. Hewani, mita sita na nusu. Kwenye ubao ilitumia sekunde kumi na tisa, na tundu la tano halikumalizika.

"Lakini hewani ni sawasawa na nyingine," alisema Mwanamkasi.

"Hewani haisukumi kitu. Betri iliyochoka huonekana kwenye mzigo. Hilo hukulijua, na kutojua si dhambi." Baba alimpa kalamu kwa ncha za vidole, kwa sababu kiganja hakikukunjika. "Kosa lako ni ile nane. Ungeiacha nafasi wazi, ningejua kwamba sijui, nami ningeipima mwenyewe. Nafasi wazi humwonya mtu, Mwanamkasi. Namba ya uongo humtuma safari."

Mwanamkasi aliifuta ile nane, akaandika kumi na tisa.