Mluzi wa Baba

Kila jioni Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi ya shavuni, alimpokea baba yake mlangoni na kumkung'utia sare ya kazi. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha mikate. Yeye ndiye aliyemimina kwenye mashine ya kukandia ule unga mwepesi wa vimeng'enya, unaolainisha mkate. Zamani alirudi akipiga mluzi tangu njia panda. Siku hizi alirudi akikohoa, kifua kikilia kama bawaba kavu.

"Ni manyoya ya paka huyu," alisema, akiegemea ukuta. "Atahamia kwa shangazi yako."

Machozi yakamlengalenga Kidoti.

"Usiniangalie hivyo. Kati yangu na paka, nani anakupeleka shule?"

"Paka hajui njia, baba."

Baba akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akashindwa hata kumaliza chai. Mama akasema basi, kesho ni zahanati.

Daktari, mama wa makamo, alimsikiliza kifua kwa utulivu. "Unafanya kazi gani?"

"Kazi ya kawaida tu. Shida ni paka."

Kidoti, aliyekuwa amemsindikiza baba, alisitasita, kisha akasema, "Shikamoo, daktari. Siku ya mapumziko baba anapiga mluzi, na paka amelala mapajani pake. Akirudi kazini kumimina unga, kifua kinabana. Hata mimi nikikung'uta sare yake napiga chafya."

"Huyu anamtetea paka wake," baba alinung'unika.

"Ni wakili mzuri. Ana ushahidi," daktari alijibu.

Baba akainamisha kichwa. "Niliogopa, daktari. Wakijua naumwa, wataniondoa."

"Ukinyamaza, utaondoka mwenyewe, tena umebebwa."

Alimpa kifaa cha kupuliza, apime pumzi zake siku za kazi na za mapumziko. Vipimo vikaonyesha wazi: ni pumu inayotokana na vumbi la kazini. Daktari akampa dawa ya kuvuta, akazungumza na msimamizi wa kiwanda. Baba akahamishiwa chumba cha kupakia mikate, mbali na unga ule. Mashine ikawekewa mfuniko, wenzake wakapewa barakoa, na sare zikawa zinafuliwa hukohuko kiwandani.

Kupona kulikuja polepole. Jioni moja paka alisimamisha masikio, akakimbilia mlangoni. Mluzi ulikuwa unatoka njia panda.

Baba aliketi, paka akampanda mapajani. "Mwanangu," alisema, "nilimficha daktari ukweli, nikamsingizia asiyeweza kujitetea. Ukiumwa, sema yote, hata yale unayoyaogopa. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa."

Kisha akanywa chai yake, akaimaliza.