Wi-Fi Ipo, Intaneti Hakuna

Kila siku baada ya shule, Wening alivua sare, akala wali na tempe ya soya iliyokaangwa, kisha akaketi barazani na simu ya baba yake. Baba yake, Bwana Sarwono, alikuwa bondeni akipakia mchanga wa mto kwenye malori pamoja na wenzake. Kule chini simu hazikushika mtandao. Hata kijijini walitegemea Wi-Fi ya Bi Lastri, dada mkubwa wa mama yake Wening, aliyeuza chakula nyumba ya pili.

Walinzi wa mto, walioishi juu karibu na kilele cha volkano, walituma ujumbe kwenye kundi la wachimbaji kila mvua ilipozidi huko. Ujumbe wa hatari ukiingia, Wening alipaswa kukimbia hadi ukingoni na kugonga gogo la tahadhari, ili wanaume wapande kabla tope na mawe hayajashuka. Kuna siku mtu aliligonga kwa hofu tu, mizigo ikaachwa bure. Tangu hapo ilikubaliwa kwamba halitagongwa bila ujumbe.

Siku hiyo kijijini jua liliwaka, lakini kilele hakikuonekana. Wingu jeusi lilikuwa limekikalia. Simu ilikuwa kimya, na Wening aliufurahia ukimya ule, mpaka alipoona maandishi madogo chini ya jina la Wi-Fi: imeunganishwa, hakuna intaneti. Ujumbe wa mwisho kwenye kundi ulikuwa wa jana.

Alizima Wi-Fi akaiwasha. Akaizima simu yenyewe, akaiwasha. Maandishi yakabaki yaleyale. Akaenda mbio kwa Bi Lastri.

Bi Lastri alifuta mikono, akachomoa ruta ukutani, akasubiri kidogo, akaichomeka tena. Kisha akafungua simu yake mwenyewe. Picha zikaja bila tabu.

"Ruta nzima, mtandao upo," alisema. "Ugonjwa uko kwenye simu ya baba yako. Umegusa nini humu?"

"Sijagusa kitu, Mama Mkubwa."

Akamwambia aifute Wi-Fi ile kwenye simu na kuingiza neno la siri upya. Ilikubali kuunganishwa, ikagoma kupata intaneti. Bi Lastri hakuwa kwenye kundi la wachimbaji, kwa hiyo simu yake isingewafaa. Nje, mbwa wa jirani alikuwa ameacha kubweka. Upepo ulioshuka kutoka mlimani ulikuwa wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa, ingawa pale hapakuwa na tone la mvua.

Bi Lastri alitazama mlimani, kisha akamgeukia mtoto. Aliuliza tena, polepole. "Wening, baba yako yuko mtoni. Umegusa nini?"

 Wening alikuwa amekatazwa michezo ya simu. Lakini asubuhi, kabla ya shule, nafasi za kucheza zilipomwishia, aliisogeza tarehe mbele ili mchezo umpe nyingine, akasahau kuirudisha.

"Tarehe," alisema kwa sauti ndogo. "Niliisogeza mbele."

Bi Lastri hakumkaripia. Alifungua mipangilio, akairudisha tarehe ya kweli. Simu ikatetemeka mkononi mwake, ikatetemeka tena, haikukoma. Mvua kubwa kileleni. Maji yanapanda. Ujumbe wa mwisho ulisema tope limekwisha kupita daraja la juu.

Wening hakukumbuka alivyofika ukingoni. Aligonga gogo hadi mikono ikafa ganzi. Kule chini wanaume walitupa sepetu na kuanza kupanda. Mmoja wao alirudi nyuma, kwenye lori lililonasa mchangani, akamvuta dereva aliyekuwa bado anahangaika na usukani. Wening alimtambua kwa shati. Alikuwa baba yake.

Ngurumo ilitangulia, ardhi ikatikisika. Wawili wale walishika mizizi ya ukingoni, wenzao wakawavuta juu. Kisha tope jeusi likapita na mawe makubwa kama vibanda, na pale palipokuwa na lori hapakuwa na kitu.

Baba yake alipopata pumzi, Wening alimweleza yote mwenyewe, bila kuulizwa. Baba alisikiliza hadi mwisho, tope likimkaukia usoni.

"Kwa kucheza ningekugombeza, yakaisha," alisema. "Na simu yenye tarehe ya uongo hukataliwa mtandaoni, hilo hukulijua. Lakini ulipoulizwa ulisema hujagusa kitu, nasi tulikuwa chini. Kosa liseme lingali dogo, mwanangu. Ukilificha linakua, na wa kulilipa huenda asiwe wewe."

Wening aliitikia kwa kichwa. Hatua chache kutoka pale, dereva alikuwa amekaa chini, ameshika funguo za lori ambalo halikuwepo tena.