Mtani Mbele ya Sikio la Haki

Mwaka 2094, wakati wa kipupwe, Sikio la Haki lilimfunga Mzee Gama nyumbani kwake mjini Iringa, kwa neno alilolisema makaburini.

Sikio hilo lilikuwa mtambo mdogo kama punje ya mtama, nao ulipachikwa katika kila nguzo ya taa na kila ukumbi. Lilisikiliza maneno ya watu, likapima vitisho, likahukumu papo hapo. Mlango wa aliyehukumiwa ukajifunga wenyewe mpaka adhabu iishe. Mzee Gama alipewa miezi sita. Rafiki yake Mgimwa alikuwa akimzika kaka yake, na Gama alimwambia kando ya kaburi: "Mgimwa, ingia na wewe humo. Majembe tunayo, tusichimbe mara mbili."

Aliyekata rufaa ni Mgimwa mwenyewe. Aliomba kesi isikilizwe na binadamu, haki ambayo kwa miaka tisa hakuna aliyeikumbuka. Mhandisi Atupele, aliyelifunza Sikio kutambua vitisho, akaitwa aeleze. Siku ya nne Gama akaletwa mahakamani.

"Mzee Mgimwa, ulitishwa?" aliuliza Hakimu Nyenza.

"Mheshimiwa, Mngoni huyu hawezi kumtisha hata kuku wa kuazima. Ni mtani wangu; kabila lake na langu hutaniana hata makaburini. Asingenitania siku ile, ningejua hakunihurumia."

"Nani alikuhurumia?" Gama alidakia. "Ulikuwa ukilia kwa sauti mbaya, nikahofu marehemu ataamka alalamike."

Ukumbi mzima ukacheka. Atupele naye akacheka, kisha akatazama kioo alichosomea hukumu za mtambo wake, kicheko kikamkauka. Sikio lilikuwa limeandika: *Gama, kosa la pili. Kumdhalilisha mfiwa.*

"Mhandisi," hakimu alisema, "ulilifunza kwa maneno gani?"

"Sentensi milioni kumi na mbili za mahakamani, Mheshimiwa."

"Na za msibani?"

Atupele aliinamisha kichwa. "Hakuna hata moja. Na ile amri ya kufunga mlango kabla mtu hajajitetea, niliipitisha mimi."

Hakimu aliandika, kisha akasoma: tangu siku ile mlango wa mtu usifungwe kabla hajasikilizwa na binadamu, na siku nne za Mzee Gama zirudishwe na aliyezichukua.

"Nitazirudishaje?" Atupele aliuliza.

"Njoo nyumbani kwangu," Mgimwa alimjibu. "Kupasua kuni na kuosha vyombo vya msiba ni kazi ya mtani. Ulimfungia, kazi ikalala siku nne, na matanga hayaanuliwi bila kazi hiyo kwisha."

Kesho yake Atupele alikunja mikono ya gauni, akashika shoka. Gama aliketi kivulini, ameridhika.

"Mhandisi, kuni hazipasuki kwa kutazamwa."

"Mzee, jisogeze, nisije nikakupasua pamoja nazo."

"Mgimwa, umesikia?" Gama alisema kwa furaha. "Huyu anajifunza haraka kuliko mtambo wake."

Siku ya nne, adhuhuri, Atupele alisugua sufuria ya mwisho kwa majivu, akaifudikiza juani. Mgimwa akasimama, akaanua matanga.