Harufu ya Sabuni Kisimani

Kila asubuhi kabla ya shule, Kokulinda aliteremka kuchota maji kisimani, bondeni Igoma. Kiangazi hicho visima vingine vilikauka, lakini kisima hicho kilizidi kujaa. Majirani walisema kina baraka. Kokulinda aliamini zaidi ya hapo: maji yalinukia sabuni ya mche, kama nguo za marehemu mama yake. Alipoinama, alihisi mtu anapumua shingoni mwake. Hakukimbia. Alinong'ona, "Shikamoo, mama."

Baba yake, mzee Rugemalira, alikuwa amemkanya: "Maji ya kunywa ni ya bombani, hata foleni iwe ndefu vipi." Koku aliitikia, kisha akajaza mtungi maji ya kisima. Alitaka mama akae nao nyumbani.

Mdogo wake, Josephat, akaanza kuharisha. Macho yakaingia ndani. Kule zahanati, muuguzi alimtundikia dripu, akauliza, "Anakunywa maji gani huyu?"

"Ya bomba," baba akajibu.

Josephat alilamba midomo iliyokauka, sawasawa na mama siku zake za mwisho. Koku akamgeukia baba. "Si ya bomba, baba. Nilikudanganya. Ni ya kisima. Mama yumo mle, ananukia."

Baba akamvuta karibu. "Mama yako tulimzika kijijini kwetu Kamachumu, mwanangu. Unayemnusa ni maji machafu ya nyumba mpya za mlimani. Ndiyo yanayokijaza kisima. Wakubwa wa manispaa waliuza viwanja, wakala, wakashiba, mtaro hata mmoja hawakuchimba. Kipindupindu kilipomchukua mama yako, walikuja kumwaga chokaa, wakapanda gari lao."

Josephat alipopata nafuu, baba alipanda mlimani na sururu begani.

"Mzee, si kazi ya manispaa hiyo?" akauliza Mayala, mwenye nyumba ya kwanza.

"Tukiwangoja hao tutazikana sote. Shika koleo."

Mayala akacheka kwa aibu, akashika. Walijengea upya mashimo ya vyoo yaliyovuja. Maji ya kufulia na kuogea waliyachimbia mfereji, yakachujika kwenye mawe, kokoto na mchanga, yakaishia kwenye migomba. Kisima walikifunika.

Siku hiyo Koku alilia kama siku ya msiba. Baba akaketi kando yake.

"Lia tu. Lakini anayehitaji kulindwa ni aliye hai. Ukweli wako ulichelewa, Koku, ila ulifika, na mdogo wako anacheza. Safari nyingine uuwahishe. Wenye ofisi wao hawajafika mpaka leo."