Sabufa Aliyoichagua Sikio

Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, Sikio alikuwa na kawaida ya kulala kimya kidogo na kuisikiliza nyumba yao ikiamka. Ufagio wa mama ulipapasa uani. Maji yalichuruzika kwenye ndoo. Kule karakanani randa ya baba iliteleza juu ya ubao, shwaa, shwaa, na yeye akiwa chini ya shuka aliona kabisa jinsi maranda yanavyojikunja na kudondoka sakafuni kama nywele za kitoto kichanga. Sauti kwake zilikuwa picha. Akisikia ndala zikipita barabarani, aliweza kusema ni za nani, na ndiyo maana nyumbani na mtaani kote walimwita Sikio, ingawa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili tu.

Lakini siku za karibuni picha hizo zilikuwa zimeingia ukungu. Ni kama mtu aliifunika nyumba blanketi zito. Sikio alipolalia upande wa kulia, dunia ilinyamaza kabisa. Mwanzoni alipenda. Alijiona yuko chini ya maji, anaelea, hakuna anayemwita kuosha vyombo. Akitoka shule alichomeka hedifoni masikioni, akafungulia muziki hadi mwisho, akaelea tena mpaka usingizi ukamchukua hivyo hivyo. Sikio la kushoto lilipozidi kuziba, alichokonoa kwa vijiti vya pamba. Likaziba zaidi. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Sikio ambaye hasikii?

Baba yake alikuwa seremala, na mama yake msusi. Sebuleni kulikuwa na redio na spika mbili ambazo baba alizitengenezea masanduku mwenyewe, akayapiga msasa na vanishi mpaka yakang'aa. Zilitoa sauti safi, ila nyembamba. Sauti nzito za chini hazikutoka kabisa. Wengine wasingejali, lakini mama alijali. Kaka yake, mjomba wa Sikio, alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ya harusi. Alifariki kabla Sikio hajazaliwa, akaacha wimbo mmoja tu uliorekodiwa. Mama aliupiga kila Jumapili. Waimbaji walisikika, tarumbeta zilisikika, lakini gitaa la mjomba halikusikika hata kidogo.

"Yumo humo ndani," mama alizoea kusema huku akiitazama redio. "Yumo, ila hatumsikii."

Jumamosi moja, mama akiwa saluni, baba alifuta vumbi la mbao mikononi na kumwita binti yake.

"Abee, baba."

"Vaa viatu, mama. Tunakwenda kununua sabufa. Ile spika ya sauti nzito. Leo tumfanyie mama yako jambo. Na wewe ndiye utakayechagua, mimi masikio yangu yameshaliwa na msumeno."

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa na kiyoyozi na harufu ya maboksi mapya. Muuzaji, kijana mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliwasogezea sabufa mbili. Moja ilikuwa kubwa kama stuli, ina tundu la hewa mbele na taa za buluu zinazokimbizana. Nyingine ilikuwa sanduku dogo jeusi lililofungwa pande zote, halina hata kipambo.

"Sebule yenu ni kubwa kiasi gani?" muuzaji aliuliza.

"Makochi mawili na meza, basi imejaa," baba alijibu.

"Basi hii ndogo inawatosha, mzee. Haipigi kelele, lakini kila noti utaisikia. Ile kubwa ni ya ukumbi. Ila msiniamini mimi, sikilizeni wenyewe."

Akauweka ule wimbo wa mjomba, ambao baba alikuja nao. Ilipopiga sabufa ndogo, Sikio alisikia mnong'ono tu, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Ilipopiga kubwa, kifua chake kilitetemeka, sakafu ikapita chini ya nyayo zake kama maji, na taa za buluu zikamchukua mbali. Kuhusu noti, hakusikia hata moja. Lakini alihisi!

"Haya, Sikio," baba alisema akitabasamu kwa fahari, akimgeukia muuzaji. "Huyu ndiye fundi wa kusikia nyumbani kwetu. Tofauti umeisikia?"

Ulimi ulikuwa mwepesi kuliko ukweli.

"Nimeisikia, baba. Kubwa ndiyo nzuri. Gitaa linasikika vizuri kabisa."

Muuzaji alikunja uso kidogo. Baba hakusita, neno la binti yake lilimtosha. "Ikiwasumbua, irudisheni wiki hii nikubadilishieni," muuzaji alisema akiifunga kwenye boksi.

Jioni mama aliporudi alikuta sabufa imewekwa pembeni mwa kochi. Baba akamkalisha, akabonyeza kitufe. Mama alifumba macho na kukunja mikono mapajani, kama mtu anayesubiri mgeni mlangoni.

Sebule nzima ikanguruma. Vikombe vilicheza kabatini, dirisha likatetemeka, na mtoto wa jirani akaangua kilio. Tarumbeta zilimezwa, waimbaji wakamezwa, ikabaki ngurumo moja ndefu isiyo na mwanzo wala mwisho. Mama alifumbua macho taratibu. Alikuwa ametokwa na machozi, lakini hayakuwa ya furaha.

"Asante, baba watoto," alisema kwa upole. "Ila huyu si kaka yangu. Kaka yangu hakuwa ananguruma."

Baba alijikuna kichwa. "Ajabu! Dukani gitaa lilisikika vizuri. Au siyo, Sikio?"

Sikio aliutazama uso wa mama. Angeweza kusema labda waya haujakaa vizuri. Angeweza kwenda kulala. Badala yake alijikuta anasema:

"Sikulisikia, baba. Nilidanganya. Sikio la kushoto limeziba muda sasa, na la kulia nalo linaanza. Niliona aibu."

Mama hakufoka. Alimvuta karibu, akamnong'oneza kitu upande wa kushoto. Sikio hakusikia kitu, alihisi joto la pumzi tu. Hapo mama alishtuka kweli.

Wakampeleka hospitali, kwa daktari wa masikio, mama mnene mwenye mikono mitaratibu. Alichungulia ndani kwa kitochi chake, akaguna.

"Nta imeshindiliwa kama gunia. Ulichokonoa na vijiti vya pamba, siyo?"

"Ndiyo, daktari."

Akampa dawa ya matone ya kuilainisha, na waliporudi baada ya siku chache aliisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Kitu kikaachia ndani ya kichwa cha Sikio, plopu, na dunia ikaingia yote kwa mpigo. Karatasi zilichakacha mezani. Bangili za mama ziligongana kama kengele ndogondogo. Mtu alicheka mwisho wa korido, mlango ukalia bawaba, na mahali fulani nje mvua ilianza kunyesha juu ya bati, tone moja, tone lingine. Sikio alikaa ameachama kama mtu aliyeamshwa ndotoni akakuta ndoto bado inaendelea.

"Usilale tena na hedifoni, wala usifungulie hadi mwisho," daktari alimwonya. "Nta nimeitoa. Lakini kelele kubwa ikiharibu sikio lenyewe kwa ndani, mimi sina maji ya kuliosha likapona. Ulifanya vizuri kusema."

Kutoka hospitali walipitia dukani, na muuzaji akawabadilishia bila maneno mengi. Ile sabufa ndogo baba aliiweka mbele, mbali na kona, akapunguza sauti. Wimbo ukaanza.

Safari hii Sikio alisikia. Chini ya tarumbeta, chini ya waimbaji, mtu alikuwa anatembea. Vidole vyake vilipanda na kushuka, vikasimama, vikazunguka, vikatembea tena. Mama alikamata mkono wa binti yake.

"Huyo," alisema. "Huyo ndiye mjomba wako."

Katikati ya wimbo kidole kimoja kiliteleza. Sikio aligeuka haraka, na mama akaangua kicheko.

"Umesikia! Hapo alikosea. Siku waliyorekodi alikuja nyumbani akaniambia mwenyewe, kabla sijausikia wimbo. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini alikuwa hivyo, na ndiyo maana nilimwamini katika kila jambo." Alimpangusa Sikio shavu kwa kidole gumba. "Kuumwa hakumpunguzii mtu sifa, mwanangu. Kuficha ndiko kunakomwacha aumwe peke yake. Siku nyingine likikupata jambo, sema mapema, tukusaidie mapema."

"Nitasema, mama."

Baba alitaka kuurudia wimbo, lakini mama alimzuia kwa mkono. Mjomba alikuwa bado anatembea, taratibu, akielekea mwisho, na wote watatu walinyamaza wakamsindikiza.